Tangi limejaa, pampu imekufa: ya kupanga kabla ya kimbunga

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30. Kamati yenu ya maafa ikianza kuzungumzia mafuta mwezi wa Septemba, mmeshachelewa. Nawaandikia wenzangu tunaoishi pwani ya mashariki ya Marekani, hasa mlioalikwa kwenye kamati za kaunti, makanisa na misikiti, mkakaa kimya mkidhani akiba ya mafuta ni mambo ya wataalamu. Semeni, na ulizeni haya.

Jueni mafuta yenu yanatoka wapi. Florida haina kiwanda cha kusafisha mafuta. Sehemu kubwa huja kwa meli kupitia Tampa, Port Everglades na Jacksonville, na bandari hufungwa kabla upepo haujafika. Huku New Jersey na New York tunategemea meli, pamoja na bomba la Colonial linaloanzia Houston na kuishia Linden. Kimbunga Harvey kilipoipiga Texas mwaka 2017, sehemu ya bomba hilo ilisimama, na bei zikapanda kwa watu ambao hawakuona hata tone la mvua yake. Kwa hiyo msihesabu kimbunga kitakachowapiga ninyi peke yake. Hesabuni na kile kitakachompiga anayewauzia.

Msitulizwe na akiba kubwa ya taifa. Ile ni mafuta ghafi, yamehifadhiwa kwenye mapango ya chumvi chini ya ardhi huko Texas na Louisiana, penye nafasi ya mapipa milioni 714. Mafuta ghafi hayaendeshi gari la wagonjwa. Lazima yasafishwe kwanza, na viwanda vingi viko pwani ileile inayopigwa. Baada ya kimbunga Sandy, serikali iliweka petroli yenyewe kaskazini-mashariki, mapipa milioni 1, mwaka 2014. Lakini petroli huharibika ikikaa, kuitunza ni ghali, na Bunge likaamuru iuzwe. Ikauzwa 2024. Mtu akiwaambia "serikali ina akiba", mwulizeni akiba ipi, na leo iko wapi.

Matangi yasiwekwe bondeni, na yasiachwe matupu maji yanapokuja, maana tangi lenye mafuta kidogo huelea. Wakati wa Katrina, mwaka 2005, maji yaling'oa tangi moja kule Meraux, Louisiana, na galoni zaidi ya milioni 1 za mafuta ghafi zikaingia kwenye makazi ya watu.

Sasa hili la umeme. Nivumilieni, hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2012 nilikuwa mjaza mafuta kwenye kituo kimoja New Jersey. Sheria ya hapa hairuhusu mteja kujijazia, hivyo sisi wa pampu ndio tunaoonana na kila mtu uso kwa uso. Sandy ilitua Jumatatu usiku, Oktoba 29. Jumapili yake lori lilikuwa limetuletea mzigo kamili na bosi akafurahi: wengine wataishiwa, sisi tunayo. Jumanne asubuhi mtaa mzima hauna umeme. Nikafungua mfuniko wa tangi, nikashusha fimbo ya kupimia, ikatoka imelowa hadi karibu na juu, petroli ikinichuruzikia kiganjani. Maelfu ya galoni chini ya miguu yangu. Nikabonyeza pampu: kimya. Mota inayosukuma mafuta imezamishwa ndani ya tangi na inaendeshwa na umeme. Hakuna mpini wa kuzungusha.

Watu walikuja na madumu yao mekundu. Dada mmoja wa Mombasa, aliyekuwa akimtunza mzee nyumbani kwake, alikuja mara tatu. Mzee alikuwa anategemea mashine ya oksijeni, na jenereta yao ndogo ilikuwa imebakiza saa chache. "Kaka yangu, nipe hata lita mbili, nitalipa utakavyo." Nikamwonyesha ile fimbo iliyolowa. Sikuwa na neno jingine. Mara ya tatu hakuomba tena, alikaa ukingoni mwa barabara na dumu tupu mapajani. Jioni ile zimamoto walimpeleka mzee hospitali, akapona.

Ijumaa bosi akapata jenereta kutoka Pennsylvania. Tulishangilia. Fundi umeme akafungua kisanduku cha nyaya, akatazama, akakifunga. Hapakuwa na swichi ya kuhamisha umeme, ile inayotenga kituo na nyaya za barabarani jenereta ikiwaka. Akiunganisha hivyohivyo, umeme ungeweza kurudi kwenye nyaya za barabarani na kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Alikataa, na alikuwa na haki. Tena jenereta ilikuwa ya dizeli, na dizeli sisi hatuuzi. Jumamosi, Novemba 3, mgao wa petroli ulianza kwenye kaunti 12: namba za gari za witiri siku ya witiri, za shufwa siku ya shufwa. Sisi bado tulikuwa tumesimama juu ya petroli. Umeme ulirudi siku ya tisa, theluji ikianguka.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu mapipa, hesabuni swichi. Florida ina sheria inayotaka baadhi ya vituo vya mafuta vilivyo kwenye njia za kukimbia kimbunga viwe tayari kuunganishwa na jenereta, na New York ilifuata baada ya Sandy. Ombeni orodha ya vituo vya kaunti yenu. Msiridhike na karatasi: nendeni, ombeni jenereta iwashwe mbele yenu na galoni moja itoke kwenye mpira. Ulizeni jenereta inatumia mafuta gani na yamewekwa wapi.

Kisha malori na madereva. Baada ya Maria, mwaka 2017, Puerto Rico ilikuwa na mafuta kwenye matangi ya bandarini, lakini barabara zilikuwa zimeziba, simu hazishiki, na madereva hawapatikani. Andikeni namba za madereva, na mjue nyumba zao. Andikeni pia nani anahudumiwa kwanza: hospitali, magari ya wagonjwa, pampu za maji safi na majitaka, wagonjwa wa oksijeni walio majumbani. Hawa wa mwisho husahauliwa kila mara.

Nyumbani kwako, jaza gari mapema, usingoje tangazo. Weka fedha taslimu. Usihifadhi petroli ndani ya nyumba wala kwenye chupa za maji. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, usiiwashe ndani hata mvua ikinyesha, maana moshi wake unaua watu wakiwa usingizini. Izime ipoe kabla ya kuongeza mafuta. Na mwenye mgonjwa wa mashine amjulishe zimamoto wa mtaa wake leo, kabla mawingu hayajaonekana.