Jinsi ya kufuatilia asilimia za asili za familia bila kugombana

Mwaka 2018 mama aliniita akiwa ameishika simu kwa mikono miwili. "Mwanangu, wameniondolea Nigeria." Kipimo cha vinasaba vya mate yake kilikuwa kimempa asilimia 31 za asili ya Nigeria; asubuhi ile zilibaki 9, na eneo la Benin na Togo lilikuwa limepanda. Kaka akaanza kuuliza kama kopo la mate lilichanganywa na la mtu mwingine. Tangu siku hiyo nimeweka daftari la vinasaba vya familia.

Kila namba iandikie tarehe. Vinasaba vyako ni vilevile. Wanaobadilika ni watu unaolinganishwa nao. Mwaka huohuo 2018, kwa mfano, kampuni ya kupima vinasaba ya AncestryDNA ilipanua kundi lake la rejea, yaani watu wenye asili inayojulikana ambao wengine hulinganishwa nao, kutoka sampuli 3,000 hivi hadi 16,000 hivi. Kipande cha kromosomu kilichofanana zaidi na vya watu wa Nigeria kikapata wengine wanaofanana nacho zaidi. Kwa hiyo naandika kampuni, tarehe, asilimia, na kile kiwango cha chini na cha juu kinachotokea ukibofya jina la eneo. Piga na picha ya skrini, maana toleo jipya la makadirio likiingia, la zamani huenda usilione tena.

Usilinganishe namba za mama za toleo la zamani na za mtoto za toleo jipya. Ugomvi mwingi huzaliwa hapo. Fungua akaunti zote siku moja, kampuni moja.

Halafu piga hesabu. Mtoto hupata nusu ya vinasaba vya kila mzazi, lakini si nusu ya kila eneo. Mama akiwa na asilimia 20 za eneo fulani, mtoto anaweza kurithi 13, au 6, au asipate kitu. Mama akiwa na 70, mtoto hana budi kupata angalau 20 kutoka kwake, maana nusu anayorithi ni 50, na zisizo za eneo hilo ni 30 tu. Na mtoto akizidi jumla ya mama na baba, kosa liko kwenye makadirio, ya mmoja wao au ya wote. Binti yangu alipewa asilimia 4 za Mali, nasi wazazi wake hatuna hata moja. Nilibofya: kiwango chake cha chini kilikuwa 0. Toleo lililofuata, Mali haikuwepo. Namshukuru Mungu sikuwahi kumuuliza baba yake swali lolote la kipuuzi.

Undugu wenyewe usiutafute kwenye asilimia za maeneo hata kidogo. Nenda kwenye orodha ya ndugu, usome sentimogani, kipimo cha wingi wa vinasaba ambavyo watu wawili wanashirikiana. Mzazi na mtoto huwa karibu 3,400 au zaidi. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, wastani wa 2,600 hivi. Wa mzazi mmoja, karibu 1,750. Makadirio ya asili yakisahihishwa, namba hizi haziguswi. Kaka nilimwonyesha yake na ya mama, 3,468, kabla ya sasisho na baada yake. Akanyamaza, akamrudishia mama simu.

Kama fedha inatosha kipimo kimoja tu, mpime mzee kuliko wote. Ana vipande ambavyo watoto wake hawakuvirithi, na hakuna toleo litakalovirudisha kwao. Mate ya mama mkubwa tumeyatuma wiki iliyopita. Ukurasa wake daftarini una jina na tarehe tu.