Nyumba ya kupangisha England: kodi inakuja kabla hujaona faida

Ndugu wa nyumbani akisikia una nyumba ya kupangisha Leicester, anapiga hesabu fupi: pango limeingia, benki imechukua chake, kilichobaki ni chako, basi tuma. Msimlaumu. Aliyezoea kodi ya asilimia 7.5 ya pango la Kenya hawezi kuota kinachofanyika huku.

Tangu Aprili 2020, mwenye nyumba iliyoandikwa kwa jina lake haondoi riba ya mkopo kwenye pango kabla ya kukadiriwa kodi. Anapewa tu punguzo la asilimia 20 ya riba hiyo. Shika kalamu. Pango la pauni 1,200 kwa mwezi ni 14,400 kwa mwaka. Riba 9,000. Dalali, bima na matengenezo 2,400. Mkononi zimebaki 3,000. Lakini HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, inahesabu 12,000. Kwenye ngazi ya asilimia 40 kodi ni 4,800, toa punguzo la 1,800, unadaiwa 3,000. Faida yote imekwenda, na boila ikifa Januari unailipia kwa mshahara.

Wala usijifariji kwamba mshahara wako ni mdogo. Ukilipwa 42,000, zile 12,000 zinajumlishwa juu yake: 54,000, umeshavuka 50,270 na sehemu inakatwa asilimia 40. Narudia: kinachojumlishwa ni pango kabla ya riba. Piga hesabu hii kabla ya kusaini, kisha ipige tena ukiongeza riba asilimia mbili, kwa sababu riba uliyofungiwa miaka miwili au mitano ina mwisho wake. Na kama mkopo ni wa kulipa riba peke yake, baada ya miaka 25 deni la msingi liko palepale.

Ukinunua kwa jina la kampuni yako, riba yote huondolewa kabla ya kodi, ila mikopo ya kampuni kwa kawaida ni ghali zaidi. Kuhamishia kampuni nyumba uliyokwisha nunua ni sawa na kuiuza: ushuru wa ununuzi pamoja na nyongeza ya asilimia 5, na kodi ya faida ya mtaji (Capital Gains Tax) kama nyumba imepanda bei. Amua mwanzoni.

Ukihama nyumba uliyonunua kwa mkopo wa nyumba ya kuishi mwenyewe, omba ruhusa ya benki kwa maandishi kabla ya kumweka mpangaji, hata akiwa binamu. Bila ruhusa umevunja mkataba wa mkopo, na bima inaweza kukataa kulipa siku ya moto.

Dipoziti ndiyo inayowaumiza wengi. Kwetu mwenye nyumba huiweka mfukoni. Hapa haizidi pango la wiki tano (kwa pango letu, pauni 1,384), na ndani ya siku 30 iwe kwenye mfuko wa kulinda dipoziti ulioidhinishwa na serikali. Ndani ya siku hizo hizo 30 mpe mpangaji taarifa za dipoziti hiyo kwa maandishi. Wengi hulipia mfuko wakasahau taarifa, na kosa ni lile lile: mahakama inaweza kumpa mpangaji hadi mara tatu ya dipoziti. Na usidhani hatajua: huku mpangaji hupata ushauri wa sheria bure.

Tangu 1 Mei 2026 kumtoa mpangaji bila sababu kumefutwa. Asipolipa, sababu ya lazima (ile ambayo hakimu hana budi kuikubali) inahitaji malimbikizo ya miezi mitatu, kisha notisi ya wiki nne, kisha foleni ya mahakama. Miezi sita mbele ya Dar nayo isahau: huruhusiwi kudai zaidi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo weka akiba ya marejesho ya miezi sita hadi tisa, na isiguswe hata kwa harusi.

Cheti cha gesi kila mwaka, cha umeme kila miaka mitano.

Ukirudi nyumbani kwa zaidi ya miezi sita, dalali lazima akate asilimia 20 ya pango baada ya gharama alizolipa, mpaka HMRC ikubali fomu NRL1, ya kuomba pango lisikatwe kodi. Ijaze mapema. Hata ikikubaliwa, bado unawasilisha hesabu kila 31 Januari.