Programu Inafunguka Kwako, Inagoma kwa Mteja: Kutatua Matatizo ya MinGW-w64

Nilipeleka kwa flashi programu ya kuhesabu bidhaa katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Jinja, na kompyuta ya pale ikakataa kuifungua, ikidai faili iitwayo libstdc++-6.dll (DLL ni maktaba ambayo programu huihitaji inapofunguka), ilhali kwangu Kampala ilikuwa imefanya kazi wiki nzima. Niliijenga kwa MinGW-w64, yaani kompaila (zana inayogeuza msimbo kuwa programu) ya kutengeneza programu za Windows. Kosa lilikuwa langu, nami sasa hufuata utaratibu ufuatao.

Hatua ya 1. Fungua dirisha la UCRT64 la MSYS2 (mkusanyiko wa zana za kujenga programu kwenye Windows), wala si lile la MSYS, ambalo kompaila yake hutengeneza programu zinazotegemea msys-2.0.dll. Andika `which gcc`. Jibu liwe /ucrt64/bin/gcc. Ikiwa haipo, isakinishe:

`pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc`

Hatua ya 2. Jenga programu, kisha usome kosa la kwanza kabla ya mengine. "Undefined reference" inayotaja WinMain mara nyingi humaanisha kwamba `main` haipo au imeandikwa vibaya. Ikitaja WSAStartup, umesahau maktaba ya mtandao, ambayo lazima itajwe baada ya msimbo wako, kwa kuwa linka (zana inayounganisha msimbo na maktaba) husoma kutoka kushoto na huchukua katika maktaba yale tu ambayo yamekwisha kuhitajika:

`g++ duka.cpp -o duka.exe -lws2_32`

"Permission denied" kwa kawaida ni programu yenyewe ambayo bado iko wazi. Ifunge.

Hatua ya 3. Hapa ndipo nilipojikwaa. Tazama programu inategemea nini:

`objdump -p duka.exe | grep "DLL Name"`

KERNEL32.dll ni ya Windows, na zile zinazoanza na api-ms-win-crt huja na Windows 10 na matoleo ya baadaye. Lakini libstdc++-6.dll, libgcc_s_seh-1.dll na libwinpthread-1.dll zimo katika folda ya kompaila yako, ambayo mteja hana. Unaweza kuzinakili kando ya programu. Mimi huongeza `-static`, inayoziingiza ndani ya programu yenyewe, katika amri ya kujenga, maana faili moja kubwa ni nafuu kuliko nne zinazopotezana.

Hatua ya 4. Kabla ya kupanda teksi, fungua cmd katika folda ya programu, ufiche kompaila kwa kubadili PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu na DLL), kisha ujaribu programu yako:

`set PATH=C:\Windows\System32`
`duka.exe`

Badiliko hilo hudumu katika dirisha hilo pekee. Kosa la 0xc000007b likijitokeza, shuku kwamba DLL ya biti 32 imechanganywa na programu ya biti 64.