Somo: Kumsoma kifaru wa Dürer (1515) alama kwa alama

Chapa hii ya mbao, yaani picha iliyopigwa kwa ubao uliochongwa, yenye ukubwa wa sentimita 21 kwa 30 hivi, msanii Mjerumani Albrecht Dürer aliitoa Nuremberg mwaka 1515. Kifaru mwenyewe alishushwa Lisbon, Ureno, Mei mwaka huohuo, zawadi ya sultani wa Gujarat, India. Dürer hakumwona; alipata barua na mchoro wa mtu mwingine. Kwa hiyo kuuliza "kapatia au kakosea?" hakutufikishi mbali. Uliza kila alama imetoka wapi.

Hatua ya 1. Pakua picha kubwa, angalau pikseli 3000 kwa upana. Ikiwa ndogo, magamba ya miguuni yanageuka weusi mtupu.

Hatua ya 2. Mtambue mnyama. Tuliozoea vifaru wa Ngorongoro hupotea hapa: wa kwetu ana pembe mbili na hana mikunjo mikubwa ya ngozi. Wa India ana pembe moja, mikunjo mizito begani na kiunoni, na vinundu kwenye mapaja.

Hatua ya 3. Chora jedwali la safu tatu: mwili (cha mnyama wa kweli), vitabu (kilichotoka katika maandishi), mkono wa msanii (alichobuni mwenyewe). Usikimbilie kuandika kwamba deraya yote, yaani mabamba kama vazi la chuma la vita yanayomfunika mnyama, ni ya kubuni. Mabamba yamefuata mikunjo ya kweli, kisha yakakazwa kingo mpaka yakafanana na chuma; yaingie safu mbili, ya mwili na ya mkono. Magamba ya miguuni ni ya mkono. Kipembe kile kilichojisokota juu ya mabega pia ni cha mkono: hakuna kifaru mwenye pembe mgongoni.

Hatua ya 4. Soma maandishi ya juu. Mwaka 1513 uliotajwa pale ni kosa. Habari ya kunoa pembe kwenye mawe ili ampasue ndovu tumbo ni ya Plinius, Mrumi wa karne ya 1. Safu ya vitabu.

Hatua ya 5. Weka pembeni chapa ya kifaru huyohuyo ya Hans Burgkmair, msanii mwingine Mjerumani, ya mwaka huohuo. Kifaru wake hana kipembe cha mgongoni, na miguu ya mbele imefungwa. Huyo ni mateka. Wa Dürer yuko huru.

Hatua ya 6. Fuata nakala. Conrad Gessner, mtaalamu Mswisi, alimtia kifaru wa Dürer katika kitabu chake cha wanyama, Zurich, 1551, kipembe kikiwemo. Wengi huharibu kazi hapa kwa kuhesabu kila nakala kuwa ushahidi mpya. Vitabu kumi vilivyonakili picha moja ni shahidi mmoja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona mchoro wa wino wa Dürer mwenyewe unatazama kushoto na chapa inatazama kulia?*
Ubao hugeuza picha kama muhuri. Ukichongwa kwa kufuata mchoro ulivyo, karatasi hutoka kinyume.

*Nakala yangu ina mstari mweupe unaokatiza miguu. Ni skana mbovu?*
La. Ubao ulipasuka baadaye, na ufa haushiki wino. Vidoa vyeupe ni matundu ya wadudu. Nakala yako ni ya toleo la nyuma.

*Ulaya ilirekebisha lini picha hii ya kifaru?*
Taratibu mno. Clara, kifaru jike aliyefika Rotterdam mwaka 1741, alizungushwa Ulaya kwa miaka mingi, na mchoraji Mfaransa Jean-Baptiste Oudry akamchora kwa ukubwa wake halisi mwaka 1749. Mweke Clara safu ya nne ya jedwali lako, kisha kagua bega tu: mkunjo upo palepale, ila umelegea na kuning'inia kama ngozi.