Gari la kukodi Lindi na Mtwara: namna ya kujikinga na wezi

Habari zenu wanakikundi. Wengi wanaojiandaa kuja huku kwetu Kusini wanahofia pori la kati ya Nangurukuru na Mchinga. Mimi naona hatari kubwa iko pale gari linaposimama: sheli, mgahawani, ufukweni, nje ya gesti. Mwizi anahitaji dakika mbili tu ambazo hakuna mtu anayeangalia. Basi tuanze.

Hatua ya 1: Kabla hujapokea ufunguo

Uliza gari lina bima kubwa au ndogo. Bima ndogo inamlipa mtu uliyemgonga, gari likiibiwa haikusaidii kitu. Mkataba useme wazi kioo kikivunjwa au saiti mira zikichomolewa nani analipa. Hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya serikali inayosimamia bima), usitosheke na karatasi ya kwenye kioo.

Kisha zunguka gari. Fungua na kufunga kila mlango, na buti. Pandisha kila kioo mpaka mwisho. Kioo kimoja kinachogoma kupanda ni sababu tosha ya kukataa gari hilo. Angalia kama namba za gari zimechorwa kwenye saiti mira na vioo, maana kifaa chenye namba kinampa mwizi shida kukiuza. Shusha spea tairi uiminye, na jeki uione kwa macho yako. Pancha ya usiku bila spea ndiyo inayokufanya umtegemee yeyote atakayetokea.

Hatua ya 2: Panga vituo vyako

Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Ondoka saa 11 alfajiri ili uingie mjini kabla ya giza. Amua mapema utajaza mafuta wapi na utakula wapi: Kibiti, Nangurukuru, Lindi mjini. Chagua mahali unapoweza kuegesha gari mbele ya macho yako.

Hatua ya 3: Ukiegesha

Mizigo iingie kwenye buti kabla hujafika unakoenda. Hili watu hulidharau sana. Mtu anafika ufukwe wa Msimbati, anafungua buti, anaficha kompyuta chini ya kanga, anafunga, anakwenda kuogelea. Aliyekaa kivulini ameona kila kitu. Ukibonyeza rimoti, vuta kitasa kwa mkono kila mlango. Usiache hata chaja ya simu ikining'inia, kwa sababu inamwambia mtu kwamba simu nayo huenda iko humo.

Ukinunua korosho barabarani, zima gari na ushuke na ufunguo, au nunua ukiwa ndani na milango imefungwa. Usiache gari linaunguruma huku umeinamia ndoo ya muuzaji.

Hatua ya 4: Ukisimamishwa au ukiitwa

Mtu akikupungia kwamba tairi linatoa moshi, punguza mwendo, sikilizia usukani. Kama gari liko sawa, nenda hadi sheli au kijiji kinachofuata ndipo ukague. Ila matawi ya miti barabarani usiyachukulie moja kwa moja kuwa mtego: madereva wetu huyaweka kuonya kwamba mbele kuna lori limeharibika. Punguza mwendo, ukiwa umefunga milango.

Askari akikusimamisha, simama. Una haki ya kuomba kwa adabu kuona kitambulisho chake. Faini hulipwa kwa kontroli namba, si mkononi.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

*Kaka, nakuja msimu wa korosho kununua mzigo. Fedha nibebe vipi?*

Usibebe. Minada huanza Oktoba, na kipindi hicho kila mtu anajua wageni wana hela. Lipa kwa benki. Loji nazo hujaa, kwa hiyo weka nafasi mapema kwenye yenye geti na mlinzi wa usiku.

*Barabara ikikatika kama Somanga mwaka 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, nilale ndani ya gari?*

Ukiweza, geuza urudi mji uliopita kungali mchana. Ukikwama, egesha karibu na mabasi yenye abiria, vioo vyote juu isipokuwa upenyo mdogo, simu na pochi mwilini. Beba maji tangu nyumbani.

*Dada yenu wa Masasi: naweza kuvuka Daraja la Umoja na gari la kukodi?*

Bila kibali cha maandishi cha mwenye gari, hapana dada. Hata ukiwa nacho, mimi sikushauri. Ng'ambo ya daraja ni Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado, ambalo limekuwa na mashambulizi tangu 2017. Acha gari upande wetu.

*Nikikuta kioo kimevunjwa nianze na nini?*

Ondoka hapo kwanza kama ni giza au huna watu karibu. Piga 112, halafu mwenye gari. Nenda kituo cha polisi cha karibu uchukue RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) siku hiyohiyo, bima wataiulizia. Piga picha gari lilivyo kabla hujafagia vioo.