Kutangaza kuapishwa kwa rais Kasarani: maneno kwa mtangazaji chipukizi wa redio

Tarehe usingoje kuambiwa, ihesabu mwenyewe. Kifungu cha 141 cha Katiba ya Kenya kimeifunga sherehe hii kwenye siku ya Jumanne. Ikiwa hakuna aliyepinga matokeo mahakamani, ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu mshindi atangazwe. Ikiwa kesi imefika Mahakama ya Juu na ushindi ukaidhinishwa, ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu uamuzi utolewe. Tangu Katiba ya 2010 ianze kutumika, hatujapata kuapisha rais bila kupitia kesi kwanza. Uamuzi ulitoka 30 Machi 2013, kiapo kikawa 9 Aprili. Ukatoka 20 Novemba 2017, kiapo 28 Novemba. Ukatoka 5 Septemba 2022, kiapo 13 Septemba. Kwa hiyo majaji wakimaliza kusoma tu, wewe toa kalenda, kisha tafuta pa kulala karibu na Kasarani, uwanja wa michezo wa Nairobi panapofanyika sherehe, Roysambu hivi au Mwiki, kabla wenzako hawajazinduka. Uchaguzi ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027.

Saa nayo imo sheriani: kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hadharani, katika jiji kuu. Kijana anayeiona hiyo kama kanuni ya makarani tu hakuwa kazini jioni ya 30 Desemba 2007, Mwai Kibaki alipoapishwa Ikulu giza likiingia, matokeo hata hayajapoa, na nchi ikaanza kuungua. Sheria ya kukabidhiana urais ilikuja 2012. Ukiwaeleza wasikilizaji kwa nini wamekaa juani saa tano mchana, wape historia hiyo kwa sentensi mbili, basi.

Sasa kufika. Uwanja una nafasi ya makumi ya maelfu ya watu na wanaotaka kuingia huwa zaidi ya hao. Mwaka 2022 viti vilijaa kabla ya jua kuchomoza, na kwenye lango watu walikanyagana wakaumia. Kibali chako cha wanahabari hakikusaidii kitu ukiwa umebanwa katikati ya umati huo, kwa hiyo ingia usiku kama gari la matangazo linavyoingia. Siku hiyo ni ya mapumziko kitaifa, Barabara ya Thika huwa na utaratibu wake, na matatu haitakushusha unapotaka. Beba maji, kofia, chakula kisichochacha, na betri za ziada kuliko unavyodhani zinatosha. Simu usizitegemee: maelfu ya watu wakianza kutuma picha kwa pamoja, mtandao hulala. Dai laini ya pili ya kurushia sauti, na udai mapema, maana mhandisi anayeombwa siku hiyohiyo atakuitikia kwa kichwa tu na kwenda zake.

Kuanzia alfajiri hadi saa nne una muda mrefu wa kujaza na hakuna kinachotokea. Hapa ndipo wengi huanza kusifu. Acha. Msikilizaji wa Wajir au Kwale hakukupa sikio lake ili umsomee wasifu wa mtu aliyemsikia miezi yote ya kampeni. Mweleze anachokikosa kwa kuwa haoni: jukwaa limetazama wapi, kikosi cha gwaride kimevaa nini, nani kaketi kando ya nani, mama gani kapanda juu ya kiti cha plastiki ili aone. Marais wa nje wakianza kufika, hakikisha majina umeyafanyia mazoezi. Ndayishimiye, wa Burundi, ni jina jepesi kwa ulimi wa Kiswahili ukilisoma silabi kwa silabi, na bado nimewahi kusikia likivunjwa vipande hewani.

Vyeo ndivyo vinavyompima mtangazaji, na hapa nitakaa kidogo. Anayeondoka ni Rais mpaka mwenzake aapishwe. Akiingia uwanjani, aliyeingia ni Rais na Amiri Jeshi Mkuu, wala hakuna cha "rais mstaafu" hapo. Anayengoja ni Rais mteule, hata umati uimbe vipi. Katiba inasema Rais mteule hushika madaraka kwa kula kiapo cha utiifu na kiapo cha kutekeleza majukumu ya ofisi, na kuvitia saini. Viapo ni viwili, jamani. Kila mara kuna mtu ambaye, kiapo cha kwanza kikiisha na uwanja ukilipuka kwa vuvuzela, naye analipuka na "Rais wa Jamhuri ya Kenya!" huku mtu wa watu bado ameshika Biblia akingoja cha pili. Mimi huinua kidole kimoja, kisha viwili, ili fundi wangu ajue tuko wapi, na cheo kipya sikitamki mpaka kalamu iwekwe chini.

Kalamu haisikiki redioni. Sema, kwa sauti ya chini: ameinama, anaandika, amenyanyuka. Hayo yanatosha.

Tena usiseme Jaji Mkuu ndiye anayemlisha maneno. Kiapo huliwa mbele ya Jaji Mkuu, na anayekisimamia ni Msajili Mkuu wa Mahakama. Mwaka 2022 walikuwa Martha Koome na Anne Amadi. Wakati huo kaa kimya kabisa, acha kipaza sauti cha uwanjani kifanye kazi. Kwa vile kiapo husomwa kwa Kiingereza, andaa Kiswahili chake nyumbani kutoka Jedwali la Tatu la Katiba, ukisome baada ya mhusika kumaliza, bila kumfunika. Kwenye kiapo cha utiifu kuna vitenzi vinne vinavyofuatana juu ya Katiba: kutii, kuhifadhi, kulinda, kutetea. Usivikunje viwe viwili ati vinafanana. Hapo ndipo rais anapofungwa na neno lake, na siku moja msikilizaji atataka kumkumbusha.

Naibu Rais naye huapishwa papo hapo. Wengi huanza kuongea juu ya kiapo chake kana kwamba ni matangazo ya biashara. Mpe heshima ileile ya ukimya.

Halafu yanakuja makabidhiano: anayeondoka anampa mrithi wake upanga na nakala ya Katiba. Uhuru Kenyatta alipomkabidhi William Ruto, maneno ya hewani yaliyofaa yalikuwa machache tu, maana uwanja mzima ulikuwa unaongea. Taja kilicho mkononi mwa nani, kinakwenda kwa nani. Ukiwa na umri wangu utakumbuka pia Uhuru Park, 30 Desemba 2002, Moi akiachia madaraka na Kibaki akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya barabarani. Unaweza kulitaja hilo, ila lisizidi pumzi moja.

Mizinga 21 inataka ujanja wake. Mwambie fundi ashushe sauti ya uwanjani kabla ya mlio wa kwanza, ama sivyo spika za wasikilizaji zitakoroma. Usihesabu kwa sauti. Ongea kati ya mlio na mlio, sentensi fupi fupi, na usishtuke hewani. Umati nao hushtuka kwanza kisha hushangilia, hilo ndilo la kusimulia. Wimbo wa taifa ukipigwa, funga mdomo, simama hata kama umo ndani ya kibanda ambamo hakuna anayekuona.

Hotuba ya rais mpya usiitafsiri neno kwa neno ukiwa peke yako, utachoka dakika ya kumi. Gawaneni: mmoja anasikiliza na kuandika ahadi zenye tarehe na viwango vya fedha, mwingine anasema. Hizo zenye tarehe ziandike kwenye daftari, siyo kwenye simu, kwa kuwa utazihitaji siku ya mia moja ya urais wake. Wageni wakianza kuondoka kwenda Ikulu kula, rudisha hewa studio, kunja nyaya, na usitoke nje mpaka lango la upande wa Barabara ya Thika lipungue watu.