Kugawa likizo ya Disney kwenye hoteli mbili bila kupoteza siku ya kuhama

Watu wakisikia mmelala hoteli mbili kwenye safari moja wanaona ni sifa tu, kwamba mna hela za kuchezea. Kumbe ukipanga vizuri inapunguza gharama. Ukipanga vibaya ndo inakula siku nzima ya likizo, unajikuta saa tano asubuhi umekaa mapokezi na mabegi sita na mtoto analia hata hajui analilia nini. Sisi tulifanya hivi Orlando, Walt Disney World, tulikuwa mimi, baba watoto, watoto wawili (mmoja miaka minane, mdogo miwili) na mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga kutusalimia. Usiku sita, nne hoteli moja na mbili hoteli nyingine. Naeleza tulivyopanga na pale nilipoharibu mwenyewe.

Kitu cha kuelewa kwanza ni kwamba Disney World sio sehemu moja kama mtu anavyofikiria akiwa nyumbani. Ni paki nne za michezo, Magic Kingdom ya mwaka 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998, na zimetawanyika, mara nyingi kutoka moja kwenda nyingine ni basi au gari. Hoteli nazo zimetawanyika hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna hoteli utakayosema hii iko karibu na vyote, ukikaa Contemporary unaingia Magic Kingdom kwa miguu lakini Animal Kingdom ni safari, ukikaa Animal Kingdom Lodge mambo yanageuka. Hapo ndo wazo la kugawa linapoanza kuwa na maana.

Kila hoteli ipe kazi yake. Kama huwezi kusema kwa sentensi moja kwa nini unalala pale na sio kule, usihame, kaa hoteli moja upumzike.

Kwetu ilikuwa hivi. Pop Century ilikuwa ya kazi. Ni hoteli ya bei ya chini (chini kwa viwango vyao bana, sio vyetu) ila ina Skyliner, vile vibehewa vinavyoning'inia kwenye waya vilivyoanza 2019, unapanda hapo hapo bwawani unabadilisha kituo cha Caribbean Beach unashuka EPCOT au Hollywood Studios. Magic Kingdom ni basi. Siku ambazo mnatoka asubuhi na kurudi usiku miguu imevimba, chumba ni cha kulala na kuoga tu, balkoni ya nini? Afu Animal Kingdom Lodge ikawa ya kupumzika, ile ambayo hoteli yenyewe ndo matembezi, twiga na pundamilia wanakula majani chini ya dirisha lako. Kwa tarehe zetu usiku mmoja wa chumba kinachoangalia wanyama ulikuwa unakaribia usiku tatu za Pop, sasa kulipia hiyo bei siku sita wakati siku nne hata hamtakuwepo chumbani ni kuitupa hela.

Na hapo kwenye bei kuna siku. Ijumaa na Jumamosi huwa ndo usiku ghali, kwa hiyo hoteli ghali iweke kuanzia Jumapili. Sisi tulifika Jumatano, Pop mpaka Jumapili asubuhi, Lodge Jumapili na Jumatatu, Jumanne tukarudi. Kwenye hesabu yako usisahau kodi, kwa hoteli nyingi za eneo hilo ni asilimia 12.5 juu ya bei unayoiona. Kupaki gari kwenye hoteli za Disney ukiwa mgeni wao ni bure tangu 2023.

Tiketi sasa. Kosa ambalo watu wanalifanya ni kununua furushi la hoteli pamoja na tiketi kwa hoteli ya kwanza, afu wakienda kubuku ya pili wanauziwa furushi lingine. Buku vyumba peke yake, mara mbili, utapata namba mbili za buking, ziingize zote kwenye akaunti moja ya My Disney Experience (app yao ya kupangia safari), afu nunua tiketi za paki mara moja tu. Tiketi ya siku nne unaweza kuitumia ndani ya siku saba tangu tarehe uliyochagua kuanza, haijali umelala wapi. Sisi tulitumia Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, Jumatatu hatukuwa na tiketi kabisa na hiyo ndo siku mama mkwe anaisimulia mpaka leo. Mtoto ambaye hajafika miaka mitatu haingii kwenye hesabu ya tiketi, na chumbani analala kwenye kitanda chake cha mtoto bila kuhesabiwa, ndo maana sisi watano tulitosha chumba cha watu wanne. Angalia hilo kwa hoteli ZOTE mbili kabla hujalipa.

Haya, siku ya kuhama yenyewe. Chumba cha kwanza unatakiwa utoke saa tano asubuhi, cha pili unapewa saa tisa alasiri, na kama ni zile villa ni saa kumi. Hapo katikati kuna masaa manne huna kwako. Ujanja wote ni kuyafanya hayo masaa yawe ya kwenye paki na mabegi yasafiri bila wewe.

Mkihama hoteli ya Disney kwenda hoteli nyingine ya Disney, mabegi wanahamisha wao bure. Asubuhi unashusha mabegi kwa jamaa wa Bell Services pale karibu na mapokezi, au unapiga simu wanakuja kuyachukua chumbani, unawaambia unahamia wapi, jina na namba ya buking ya PILI sio ya kwanza, wanafunga vikaratasi, wanakupa kipande chako cha kudai. Piga picha hicho kipande. Dola moja au mbili kwa kila begi kama asante ni ustaarabu wa huko, andaa noti ndogo jana yake usije ukaanza kupekua pochi watu wamejipanga nyuma yako. Mabegi yanafika alasiri, kwa hiyo usiende saa sita ukayaulizia. Vitu vya friji usiwape, maziwa na mtindi malizeni asubuhi hiyo, sisi tulikuwa na chapati za mama mkwe zimefungwa kwenye foili tukazila kituo cha basi na watu wanatuangalia.

Sasa ujue mabasi ya Disney hayatoki hoteli moja kwenda nyingine moja kwa moja, yanapitia paki au Disney Springs, eneo lao la maduka. Ukielewa hilo siku inajipanga yenyewe, siku ya kuhama nenda paki iliyo karibu na hoteli ya PILI. Sisi asubuhi tulipanda basi Pop kwenda Animal Kingdom, alasiri tukatoka tukapanda basi la Lodge ambayo ni jirani, tukafika chumba kiko tayari, meseji ilishaingia kwenye simu. Hakuna nauli wala kurudi nyuma kufuata begi. Na ile nafasi ya wageni wa hoteli kuingia paki nusu saa kabla ya wengine unayo siku zote, siku ya kuhama pia, itumieni, afu paki ikifunguliwa rasmi wahini Kilimanjaro Safaris, ile ya kuzungushwa na gari kuangalia wanyama, maana asubuhi wako macho na foleni fupi.

Nilipoharibu ni begi la mkononi. Nilipanga mabegi makubwa vizuri, nikafunga kila kitu kwa utaratibu nikajiona mama wa mfano, afu tukaingia Kali River Rapids, mchezo wa boti la kuzunguka kwenye maji. Hilo jina kwao sio la Kiswahili ila Mswahili ukisoma "kali" basi ujue umeshaonywa. Mkubwa alilowa mpaka soksi, nafungua begi la mgongoni nakuta pempasi na biskuti, nguo zake zote kavu ziko kwenye gari la mabegi linaelekea Lodge, na dawa ya homa ya mdogo nayo iko huko huko. Tulinunua fulana na kaptula dukani ndani ya paki, bei sitaki kuikumbuka. Kwa hiyo begi la siku ya kuhama liwe na nguo moja kamili ya kila mtu, nguo za kuogelea (ukifika kabla ya chumba unaruhusiwa kuingia bwawani), dawa zote, pasipoti, chaja, vitu vya thamani. Kama mna gari lenu msiseme aa tutaacha kwenye buti, jua la Florida mwezi wa saba linayeyusha chokoleti, dawa je?

Mchana wa kiangazi kuna radi karibu kila siku, zikianza Skyliner wanaisimamisha, kwa hiyo hata kama hoteli yako ya pili iko kwenye hiyo njia usiitegemee saa tisa ukiwa na kigari cha mtoto.

Namna ya pili ya kugawa ni Disney na Universal, kampuni nyingine yenye paki zake hapo hapo Orlando, na hapa ndo kuna hesabu tamu zaidi. Kati ya hoteli za Universal kuna tatu, Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, ukilala hapo kila mtu wa chumbani mwenye tiketi ya paki anapewa Express ya kuruka foleni bila kikomo kwenye paki zao za Universal Studios na Islands of Adventure, na inafanya kazi siku unayofika NA siku unayoondoka. Usiku mmoja, siku mbili za kuruka foleni. Familia ya watu wanne ukijumlisha bei ya kununua Express kwa kila mtu kwa siku mbili mara nyingi utakuta chumba kimejilipa chenyewe. Nenda asubuhi mapema, acha mabegi, chukua Express zenu mapokezi hata kama chumba ni mpaka saa kumi, paki ni kwa miguu au boti. Ila paki yao mpya, Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025, haimo kwenye hiyo Express ya bure, usije ukalala pale kwa ajili yake. Na hapa hakuna wa kukuhamishia mabegi, Disney na Universal ni washindani, ni gari lako au Uber kwa barabara ya I-4 ambayo jioni inajaa kama Ubungo, na mtoto wa miaka mitano kushuka chini awe na kiti chake cha gari, ndo sheria ya Florida.

Ukiacha huo wa Universal, usiku mmoja mmoja mi siushauri. Usiku mbili ndo angalau unafungua begi.

Kuhusu ianze ipi, anza na ya bei ndogo. Ukitoka twiga ukaingia chumba kidogo watoto watalalamika mpaka uwanja wa ndege. Na kama chumba cha kuangalia wanyama kimekushinda chukua cha kawaida, kuna sehemu za wazi za kusimama kuwaangalia, hao twiga hawajui nani kalipia nini.

Jumatatu asubuhi nimeamka namkuta mama mkwe balkoni na kanga yake, chai mkononi, twiga yuko kama hatua thelathini anatafuna. Nikadhani ameguswa. Akaniambia, "Mwanangu, yaani tumepanda ndege mbili kuja kumuona twiga?" Afu akacheka peke yake. Mchana akazunguka anasoma majina kwa sauti, Jambo House, Kidani, Boma, Sanaa, Zawadi, anamuuliza mjukuu wake maana yake nini, na mjukuu aliyezaliwa Houston akawa anajibu moja anakosa mbili. Bwawa linaitwa Uzima, mama mkwe akasema hilo wamepatia.

Kabla hamjatoka chumba cha kwanza mtu mmoja abaki nyuma akague, soketi zote, chini ya vitanda, friji, kasha la kufungia pesa, na nyuma ya mlango wa bafu. Sisi tulikagua kote kasoro hapo mlangoni, kanga ya pili ya mama mkwe ikabaki Pop. Tumekumbuka tuko ndani ya ndege.